Neno Lililomponza Elspet Strachan

Mchungaji, majirani, nanyi mliosafiri kutoka Uingereza, mimi ni Netta, mdogo wake marehemu, na historia hii nitaisoma yote kama nilivyoiandika, ingawa tangu jana baadhi ya ndugu wamenishikilia niikate sehemu ya mwisho, wakidai inamshushia heshima msomi wetu.

Dada yetu Elspet alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa Peterhead, mtoto wa kwanza wa Alasdair Strachan, fundi wa mapipa ya samaki, na mkewe Jessie, akasoma shule ya hapa hapa mjini, kisha Chuo Kikuu cha Aberdeen, alikohitimu Kilatini mwaka 1960, huku baba akimuuliza kila Jumapili kama hicho Kilatini kinakaangwa au kinachemshwa.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika ofisi ya kamusi mjini Oxford, akapewa herufi P, na miezi tisa mizima alihangaika na neno moja tu, presently, lililotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuwapo mbele ya mtu, ambalo Waingereza wa zamani walilitumia kwa maana ya papo hapo, ila kwa kuwa walilitamka huku wamekaa, bila kuinuka, likateleza pole pole hadi likawa baadaye kidogo, wakati sisi huku Scotland kwetu lilibaki kuwa sasa.

Tarehe 18 Juni 1966 aliolewa na Leonard Pettifer, Mwingereza, na wiki ile ile alimwita mezani kwa neno hilo, Leonard akaja baada ya nusu saa, supu imeshapoa, Elspet akamwambia, "Bwana wee, kamusi naandika mimi, na bado utaniua njaa!" Walijaliwa mtoto mmoja, Rosalind, tunayemwita Roz, tarehe 2 Oktoba 1969, aliyekulia Oxford na kuongea kama baba yake, na Leonard alipofariki mwaka 2009, Elspet alirudi kwetu.

Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, asubuhi, kifua kilimbana, akamwandikia Rosalind kwamba anamhitaji presently, na Rosalind akaelewa alivyoelewa, akamaliza kazi zake, akapanda treni kesho yake, akafika hospitali saa nane mchana, wakati mama yake alishakata roho saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo wapo humu wasiomsalimia Rosalind, na wa kwanza wao nilikuwa mimi, niliyemwambia mlangoni kwangu, "Mama yako alikuita sasa, wewe ukaja kesho," jambo ambalo naona aibu kulitamka mbele ya jeneza hili.

Sehemu niliyotakiwa kuikata ni hii, kwamba nilipokwenda kuchukua nguo zake, muuguzi aliniambia kuwa marehemu, muda mfupi kabla ya kufariki, alimshika mkono akasema, "Nimemwandikia kwa lugha ya nyumbani, mjinga mimi, na neno lenyewe nimelisomea. Mwambieni Roz kosa ni langu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bwana Duthie aliyemkimbiza hospitali, na wenzake wa kamusi waliokuja na maua.

Roz, mwanangu, umekaa karibu na mlango na koti hujavua, nisamehe mama yako mdogo mkali, kiti cha mbele ni chako, njoo, sisomi tena neno hata moja mpaka ukae.

Dada, mwanao ameshakaa. Pumzika kwa amani.