Mama Kadi na Maana ya Saba ya Oke

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ndio muda ambao Mama Kadi ametumikia Kitengo cha Kamusi, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, anastaafu rasmi. Mkurugenzi ameniagiza niandike ukurasa mmoja wa kuwachangamsha wageni. Nimejaribu. Wageni mtanisamehe pale nitakaposhindwa.

Alianza kama mpiga taipu. Wakati huo kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na dirisha lisilofunguka, na kamusi ya maneno ya mitaani ilikuwa bado maneno matupu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha kutaipu kadi za wenzake na kuanza kuandika za kwake. Jina la Mama Kadi alilipata hapo, na siku hizi hata mumewe anamwita hivyo.

Kanuni yake tunaijua sote, maana ametutesa nayo. Maana ya neno haiingii kwenye kamusi mpaka iwe na kadi tatu, za wasemaji watatu tofauti, aliowasikia mtu kwa masikio yake. Kadi ina sentensi kama ilivyosemwa, nani alimwambia nani, tarehe, na chini kabisa mstari aliouongeza yeye: Kilichofuata. Alisema hawezi kujua mtu alimaanisha nini mpaka aone amefanya nini baada ya kusema. Nilipompelekea kadi isiyo na mstari huo, ilirudi mezani kwangu imekunjwa mara mbili.

Neno lililomla miaka ni oke. Tulimcheka. Kineno cha Kiingereza cha vijiweni, kila mtu analo mdomoni, kina nini cha kutafuta? Yeye alikaa nacho miaka kumi na mmoja kwenye boksi la viatu. Alikiandika kwa daktari wa meno, pamba ikiwa bado mdomoni. Fundi gari alimwambia, "Oke, breki hizo niachie mimi," na kilichofuata ni gari kulala gereji wiki tano. Siku mkwe wake mtarajiwa alipokuja kujitambulisha na kujibu kila swali la wajomba kwa oke, mama mkwe alinyanyuka akaenda jikoni kuandika, na bintiye hajamsamehe mpaka leo. Mumewe peke yake ana kadi arobaini, karibu zote chini ya maana ya tatu: nimekusikia, ila sikusikilizi.

Alifikisha maana sita. Ipo ya kukubali, ya kukata mazungumzo, hiyo ya mumewe, ya kutishia, ya kuuliza kama umeelewa, na ile ya mgonjwa anayesema yuko oke ili watu waondoke kitandani pake. Zilijaa kurasa mbili. Nimepitia kamusi nyingi katika kazi hii na sijaona kurasa mbili zilizofanyiwa kazi kwa uaminifu kama zile.

Hapa ndipo uchangamfu unaponiishia. Miezi saba iliyopita Mkurugenzi alituita kwenye chumba cha mikutano kutuonyesha nakala ya mwisho. Jaladani palikuwa na jina moja, la Mkurugenzi. Sisi tulikuwa ndani, kwa herufi ndogo, "timu ya wataalamu". Na kurasa mbili za oke zilikuwa zimebaki neno moja: sawa. Akazunguka meza akituuliza mmoja mmoja kama tumeridhika.

Mama Kadi alisema hapana. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, akaeleza sababu, kisha akanigeukia. Asubuhi ile ile, kwenye korido, fununu za nakala hiyo zikiwa zimeshatufikia, nilikuwa nimemwahidi kwamba akikataa nitakataa naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na meza zetu zimepakana miaka kumi na tisa. Nikasema oke. Waliobaki wakafuata, na kitabu kikaenda kuchapwa vilevile. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo, na wa kwanza kunipa hongera alikuwa yeye.

Hakunilaumu hata mara moja. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Juzi alinikabidhi funguo za makabati pamoja na boksi la viatu. Nyuma ya maana ya sita nilikuta kitenganishi kipya chenye namba saba, na nyuma yake kadi moja. Mwandiko ni wake. Sentensi: "Oke, mheshimiwa." Msemaji: mdogo wangu wa meza ya pili. Maana: ya mtu anayejua haki iko wapi, lakini anataka kurudi mezani kwake salama. Kilichofuata: alinimiminia chai, sukari vijiko viwili, hakuniangalia usoni.

Ni kweli, nilimmiminia.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu Mkurugenzi aliisoma na kuipitisha. Haikuwa na mkutano wala kadi. Hii mnayoisoma nimeipeleka mimi mwenyewe kwa mpiga chapa, na najua haibadilishi jalada, kwa sababu kitabu kiko madukani tangu mwezi wa tatu.

Kwa niaba ya kitengo, asante, Mama Kadi, kwa masikio yako na kwa kadi zote ulizonirudishia zimekunjwa. Nenda ukapumzike na mzee wako, umwache aseme oke zake bila kumwandika. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na siku ndefu zisizo na mikutano. Boksi nimelifunga kama ulivyoliacha. Kwa kanuni yako mwenyewe maana ya saba haiwezi kuingia kwenye kamusi, kwani ina kadi moja tu. Wenzangu sita walisema neno lile lile siku ile, mbele yako, na kalamu ulikuwa nayo mkononi. Ukaniandika mimi peke yangu.