Bi Huwaida Jeilani, Aliyeshona Ramani za Manahodha

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa dada na aliyemtwaa dada, na kazi yake haina makosa. Kwetu Ndau marehemu hasomewi wasifu. Husomewa hitma, akaombewa dua, na watu wakarudi makwao. Nimeandika ukurasa huu kwa sababu moja. Ijumaa, pale makaburini, imamu alipouliza kama kuna anayemdai marehemu, manahodha wanne walisimama. Mmoja wao, Nahodha Athman wa Mkokoni, akasema, "Hatudai pesa. Twadai bahari yetu." Wageni wakatazamana. Mimi Mahir Jeilani, kaka yake, niliahidi palepale kwamba siku ya hitma jawabu litatolewa, na kwamba asiyeijua habari ataijua tangu mwanzo. Leo ndiyo siku hiyo.

Marehemu alizaliwa hapa Ndau tarehe 14 Agosti 1978, mtoto wa pili wa Bwana Jeilani Bakr, fundi wa mashine za boti, na Bi Kulthum Harith, ambaye mikeka yake bado imetandikwa katika nyumba nyingi za kisiwa hiki. Alikuwa mtoto wa ndani. Wenzake wakichezea majini, yeye alikaa sakafuni na mama akisuka ukili. Sababu ilijulikana: binti huyu wa kisiwa, ambaye kwao hakuna safari isiyokuwa ya chombo, bahari ilikuwa ikimlevya vibaya mno. Kamba ikifunguliwa tu, uso wake umeshabadilika rangi. Mama alimzoeza kunusa ndimu, na tangu hapo hakuna aliyemwona chomboni bila ndimu mkononi. Tulimcheka sana, Mungu atusamehe. Naye alinuna mpaka tukamnunulia kashata.

Alianza Shule ya Msingi ya Ndau mwaka 1985. Akiwa darasa la sita, Mwalimu Crispus, aliyetoka bara kuja kutufundisha jiografia, alitundika ramani ya Kenya ukutani. Huwaida akainua mkono. "Mwalimu, Ndau i wapi?" Mwalimu alitafuta, akatafuta tena, kisha akamjibu kwa upole kwamba Ndau ni ndogo mno, haikuingia. Mchana ule alikataa kula. Baba akadhani ana homa. Mwaka 1993 alivuka kwenda shule ya upili mjini Lamu, na baadaye akasoma upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi Mombasa, akapata stashahada yake mwaka 2000.

Kwa miaka kumi hivi alifanya kazi katika ofisi moja ya ramani hukohuko Mombasa. Hapo ndipo alipojifunza kazi aliyokufa nayo: kuchukua ramani kubwa ya kompyuta, yenye pwani nzima ndani yake, na kuitia katika kifaa kidogo cha GPS cha kushika mkononi. Watu hudhani ni kunakili tu. Sivyo. Kifaa kile kina kumbukumbu ndogo. Ukikisukumia ramani nzima kinaganda, na nahodha aliye katikati ya mkondo anabaki kukitazama kioo kitupu. Kwa hiyo ramani hukatwa vipande, kila kipande kikapunguzwa mpaka kichukulike, na vipande vikakutanishwa ukingoni sawasawa, la sivyo mkondo utakatika kwenye kioo pahali ambapo baharini haukukatika. Mama alipomuuliza anafanya kazi gani, alimjibu kwamba ni mambo yaleyale ya mkeka: ukili kwa ukili, halafu kushona, na mshono ukienda upande, mkeka wote umekwenda upande. Mama alielewa siku hiyohiyo. Mimi ilinichukua miaka.

Shida nyingine ni kuchagua cha kuacha, maana vyote haviingii. Marehemu aliacha barabara za bara, akaacha majina ya mahoteli, lakini hakuna kisiwa chenye watu alichokiacha, hata kiwe na nyumba tatu. Ukitaka kumkasirisha, umwambie pahali fulani ni padogo mno.

Mwaka 2003 aliolewa na Bwana Sadiq Bakari, mwalimu wa hesabu, na Mungu akawajalia Maram na Harith. Mwaka 2011 walihamia Lamu, mtaa wa Langoni, naye akaanza kufanya kazi nyumbani. Manahodha walikuja na vifaa vyao, wakaketi dakani, pale mlangoni, wakinywa kahawa ya Bwana Sadiq, huku Bi Huwaida akishughulika ndani. Majirani walisema daka lile limekuwa bandari. Shemeji yangu alilalamika kwamba kahawa inakwisha, kisha akapika nyingine.

Sasa nieleze deni, na ninaomba mnisikilize vizuri. Picha za setilaiti zilizotumika katika ramani za zamani zilipigwa maji yakiwa yamejaa. Zilionyesha bahari pahali ambapo maji yakipwa pana mchanga na mikoko. Mwenye kuzifuata hukwama, awe amebeba ndizi au mgonjwa. Marehemu akawaomba manahodha wamwachie njia zao, kwa kuwa kifaa hukumbuka kila chombo kilipopita. Kutokana na njia hizo alitengeneza ramani mbili za bahari moja, ya maji kujaa na ya maji kupwa. Muuguzi Shifaa wa zahanati yetu yuko hapa, naye ameniruhusu niseme kwamba wako kina mama waliofika hospitali maji yakiwa yamekupwa, na watoto wao wanakwenda chuo cha Kurani leo, kwa ramani ile ya pili.

Lakini kifaa hakikumbuki njia tu. Chombo kikisimama kuvua, alama hurundikana pahali pamoja, na katika kompyuta huonekana kama kifundo cha uzi. Pale penye kifundo ndipo penye mwamba wa mtu, alioachiwa na babake, ambao hata shemeji yake haambiwi. Kumpa mtu njia zako zote ni kumpa chakula cha wanao. Manahodha walimpa kwa sharti moja: ndia aionye, mwamba aufite, yaani njia aionyeshe, mwamba aufiche. Alikubali. Akawa anavifungua vifundo kimoja kimoja kwa mkono wake, maana hakuiamini kompyuta kwa jambo hilo.

Mwaka 2017 alikosea. Msimu wa kuvua ulikuwa umekaribia, manahodha wanaulizia kipande kipya cha kutoka Pate mpaka Kiwayu, naye akaharakisha. Kifundo kimoja kilibaki. Kilikuwa cha Nahodha Athman. Hazikupita siku nyingi, mwamba wake ukajaa vyombo vya watu, na samaki wakapungua. Nahodha Athman hakuja kugomba. Alikirudisha kifaa chake kwa mkono wa mtu, bila salamu, na asiyeujua uzito wa kukosa salamu huku kwetu hajakaa na sisi. Bi Huwaida alifuta kile kipande katika vifaa vyote vilivyopatikana. Lakini jicho likishaona halifutwi.

Akapanda chombo kwenda Mkokoni. Mimi nilimsindikiza. Alitapika kutoka mkondo wa Mkanda mpaka tunatia nanga, ndimu haikufaa kitu. Aliposhuka ufuoni nilimsihi apumzike kwanza. Alikataa. Alisimama mbele ya Nahodha Athman, watu wanatazama, akasema, "Bwana Athman, ulinipa amana, mimi sikuitunda. Nimekuya unihukumu." Yule mzee akasema, "Mwanangu, wewe ulotapika ndia nzima kuya kuniomba radhi, mimi n'takwambiani tena? Keti, unwe mai." Alimsamehe. Mwamba wake haukurudi.

Tangu siku ile, njia za kila nahodha zilikaa mbali na za mwenziwe, zimefungwa, na marehemu hakuziita kazi wala mali. Aliziita amana. Miaka mitatu iliyopita walikuja watu wa kampuni fulani wakitaka kuzinunua zote kwa jumla, vifundo na vyote. Walikunywa kahawa, wakaambiwa hapana, wakarudi mara ya pili na wakaambiwa hapana. Wakati huo maradhi ya figo yalikuwa yameshaanza, na safari za matibabu Mombasa zilikuwa zikituelemea. Mmoja wetu nyumbani alipolitaja hilo, alimjibu kwa sauti ya chini: "Siwezi kuitibu figo yangu kwa ndaa ya wangine." Alimaanisha njaa ya wenye miamba. Hatukulitaja tena.

Aliugua kwa subira. Katika miezi ya mwisho alimfundisha Maram kukata vipande na kushona ukingo, na alipokosea alimfanya aanze upya, mgonjwa yule yule asiyeweza kuinua bilauri. Alituusia mimi na Maram kwamba akifa, kila nahodha arudishiwe chake mkononi, na kompyuta ibaki tupu. Alifariki nyumbani kwake Langoni siku ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, mwezi wa Mfungo Saba, baada ya swala ya alasiri, mumewe akimsomea.

Alfajiri ya Ijumaa tulimtoa Lamu kuja kumzika kwao. Maji yalikuwa bamvua, yakipwa kwa kasi, na wengine walitaka tungoje yajae. Nahodha Athman alikuwa ameshafika gatini usiku uleule aliposikia habari. Miguu yake siku hizi haimsaidii, hashiki usukani, lakini aliketi kando ya anayeshika, kifaa mkononi, akamwongoza kwa ramani ya maji kupwa aliyoishona marehemu mwenyewe. Hatukugusa mchanga pahali popote. Kabla hatujaondoka, mama, aliyekuwa Langoni akimuuguza, alitoka na ndimu, kwa mazoea, akafika penye jeneza, akasimama nayo. Nahodha Athman akanyoosha mkono, akaipokea, na akaishika mpaka Ndau.

Marehemu amemwacha mama yetu, Bi Kulthum. Mume, Bwana Sadiq Bakari. Watoto, Maram na Harith. Na sisi nduguze, mimi Mahir na mdogo wetu Radhiya, pamoja na wake, waume na watoto wetu. Baba yetu, Bwana Jeilani, alimtangulia mwaka 2010.

Na jawabu ni hili. Jana baada ya alasiri, manahodha walikutana nyumbani kwa mama. Maram alimkabidhi kila mmoja njia zake katika kadi ndogo ya kumbukumbu, kisha akazifuta katika kompyuta, mwenyewe akitazama. Ilipofika zamu ya Nahodha Athman, aliipokea kadi, lakini akamshika Maram mkono asifute. Akasema, "Wa wangine ufute. Mwamba wangu uwate. Mimi yeo si mtu wa bahari tena, na wanangu wako Mombasa. Utie kwenye ramani wazi, kula mwenye ndaa ende akavue, thawabu zimwandame mama yako kaburini."

Maram alilia, na sisi tukalia, na sioni haya kulisema.

Basi, yeyote aliyekuwa akimdai Bi Huwaida bahari yake, amelipwa. Wenye vifaa wavilete kwa Maram, awatilie kipande kipya cha Pate mpaka Kiwayu. Ndani yake mtauona mwamba mmoja uliokuwa wa mtu mmoja. Hatukuuandikia jina. Atakayevua hapo, kabla hajavuta nanga, amwombee aliyeutoa na aliyeukosea.

Mola amghufirie dada yetu, ailaze roho yake pema, na ampumzishe kwa amani, nchi kavu. Amina.