Juliana Maneno Komba, Aliyeijua Bahari kwa Hadubini

Kwa niaba ya ukoo nawasomea habari za dada yangu, Juliana, tunayemzika leo hapa Maneromango, wilayani Kisarawe. Hapa ndipo alipozaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Maneno, na hapa ndipo alipoanza shule. Mwaka 1979 alipata stashahada ya maabara.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari, Dar es Salaam, kuhesabu planktoni, yaani vile viumbe na mimea midogo mno inayoelea baharini, ambayo dagaa huila. Kuogelea hakujua, na mashua ilimtapisha. Kila mwezi aliweka akiba chupa moja ya sampuli, na ndani yake karatasi yenye tarehe iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino ungeyeyuka. Wenzake walibandika lebo nje.

Tarehe 17 Desemba 1983 aliolewa na Mwalimu Leodegar Komba, wakaishi Tangini, Kibaha. Shemeji alitangaza kwao kwamba ameoa mtaalamu wa samaki, basi Juliana akawa mpara samaki wa kila sherehe. Hakuwahi kuwasahihisha.

Mwaka 2009 alitoa taarifa kwamba aina moja ya planktoni, iliyokuwa tele karibu na pwani, inatoweka kadiri bahari inavyopata joto. Mkuu wake mpya, Bwana Hussen, akamwambia, "Mama, macho yamechoka." Maneno hayo yalimuuma sana, maana kazi ya miaka ishirini na tisa ilikuwa inaitwa uzee. Akaomba chupa za zamani zihesabiwe na mtu mwingine. Lebo za nje zilikwisha kufutika. Za Juliana zilisomeka zote. Hesabu ikatoka ile ile. Mwaka uliofuata aina hiyo ilionekana mbali kusini, kwenye maji yenye ubaridi. Siku habari hiyo ilipofika, dada alishuka basi kituo cha Kwa Mathias akaimba mpaka nyumbani.

Alianza kuugua figo Juni 2023, na mtoto wa jicho akafuatia. Akacheka: "Sasa mwambieni Hussen yamechoka kweli." Alifariki nyumbani Tangini tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, Recho na Lusajo, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Evance. Bwana Hussen yupo hapa. Jana aliomba jina lake liandikwe miongoni mwa wafiwa, nasi tumeliandika.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani. Hesabu yake ilikuwa sawa.