Waliosimama Wakimtazama Mwanangu

Sogeeni karibu wanangu, pumzi imebaki kidogo na sitaki kuipoteza kwa kupaza sauti. Mwalimu, jirani yangu, andika kama ninavyosema, usinirembee maneno. Wewe kifungua mimba kaa hapo miguuni nikuone usoni, na wewe Kofia, binti yangu, kaa hapa, nipe mkono wako, huo wenye kovu.

Nyumba hii ina vyumba vitatu, na hicho cha mbele ndimo nilimoshona sare za shule miaka thelathini. Kabla sijasema ni ya nani, sikilizeni ilivyokuwa.

Kofia alikuwa na miaka minne alipoanguka mara ya kwanza, chini ya meza ya kukatia, akakakamaa na kutetemeka, macho yamegeuka juu, nami nikadhani mwanangu anakufa. Daktari alinikalisha akaniambia ni kifafa, si laana wala uchawi, hakiambukizi. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na akianguka nimlaze ubavu, nimlegeze nguo shingoni, nisimtie kitu mdomoni. Nikamwuliza atapona lini. Akavua miwani akaifuta, akasema tuanze na vidonge. Nililia kwenye benchi la kliniki mpaka mtoto mwenyewe akanifuta machozi, kisha nikarudi naye kwenye nyumba ambayo ghafla niliiona imejaa ncha. Nilizikata kwa msumeno pembe zote za meza. Nikamshonea kofia ya mabaki ya blanketi, tabaka nne, na watoto wa mtaa wakampa jina ambalo hadi leo halijamtoka. Nilijifunza kushona sikio moja likiwa kwake; akinyamaza tu, mguu wangu uliacha pedali wenyewe.

Shangazi yenu, wifi yangu, ndiye aliyetangaza mtaani kwamba povu lake linaambukiza. Siku moja nilikwenda kununua uzi, duka la tatu kutoka hapa, nikamwacha Kofia na mtu. Niliporudi nilikuta watu kumi na mmoja wamejaa chumbani mwangu, wifi yangu mbele yao ametanua mikono, anasema, "Msimguse, atawaambukiza," na mwanangu yuko sakafuni, mkono wake umelalia pasi ya mkaa. Kumi na mmoja, wote wana mikono, na hakuna aliyeivuta hata ile pasi. Harufu ilinifikia kabla sijamwona.

Sijasamehe. Mlinisikia nikicheka na wifi mkadhani yamekwisha. Kila gauni aliloniletea tangu siku hiyo nililipunguza kidogo kwapani na shingoni, miaka ishirini na miwili, yeye akidhani ananenepa, akaacha hadi sukari kwenye chai. Sasa amekaa hapo nje anangoja kuitwa aniombe radhi. Asiitwe. Mwambieni nimelala. Na siku ya kunizika asimame mbali awatazame wenzake wakifanya kazi, maana kusimama anajua.

Sasa wewe, kifungua mimba. Usiangalie dirisha. Mtu niliyemwachia Kofia siku ile ni wewe, ulikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nimekufundisha jinsi ya kumlaza. Ulikuja baadaye unalia, ukasema ulikuwa chooni. Mwanangu, nilipoingia mlangoni niliona shati la mistari katikati ya wale watu, limenipa mgongo, na nilipopiga kelele likachomoka kwa mlango wa nyuma. Shati lile nililishona mimi, bega la kushoto nikakosea kulikata likawa juu kuliko la kulia. Siwezi kulikosea hata gizani. Ulimwogopa shangazi yako, ukamwacha mdogo wako aungue.

Sikukupiga wala sikukuuliza. Nilitaka useme mwenyewe. Nilisubiri ulipomaliza shule, nikasubiri ulipooa, nikasubiri hadi juzi uliponishika mkono, nikadhani leo atasema, ukaniuliza hati ya nyumba iko wapi. Hapo nikachoka.

Usinizuie, Kofia. Mimi ndiye ninayekufa, niache niseme.

Andika, Mwalimu. Nyumba, cherehani zote mbili na meza ya kukatia ni za Kofia, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba mgonjwa hamiliki nyumba. Kaka yake atakaa chumba cha nyuma akipenda, kwa sharti moja: kila asubuhi na kila jioni ampelekee kidonge na maji kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa mkewe, na Kofia akianguka, yeye ndiye wa kwanza kupiga magoti. Siku akisimama akamtazama, ahame siku hiyohiyo.

Nipeni maji. Basi, inatosha.

Kofia, radhi zangu zote ni zako. Ulale salama, uamke salama, kazi ya mikono yako ipendwe, na atakayekuoa akujue kabla hajakuoa. Wewe mkubwa, naona unangoja zako. Nimejaribu tangu asubuhi kuzitamka, hazitoki. Nimemwachia yeye. Mwambie ulikuwa wapi siku ile... kwa mdomo wako, mwambie hata kama amekwisha kunisikia. Kisha usubiri, kama nilivyosubiri. Akikupa radhi, umezipata kwangu. Asipokupa... usije kaburini kwangu kuniomba. Mimi nitakuwa... nitakuwa nimenyamaza.