Kope Nyeupe za Jicho la Kushoto

Mpiga picha alikuwa anapeleka picha za bi harusi, bahasha mapajani. Jirani yake ndani ya basi, mama mwenye kope nyeupe pe jicho la kushoto, alikuwa anafoka.

"Karani wa vitambulisho kanirudisha! Eti aliye pichani si mimi. Yule wa studio kazifanya kope zote nyeusi."

"Pengine alitaka upendeze, dada."

"Nilimwomba? Kanikuna pasiponiwasha! Marehemu mama alikuwa nazo hizihizi. Zikifutwa, nabaki na nini chake?"

Mpiga picha akaishika bahasha vizuri. Bi harusi alikuwa na jicho moja la kahawia, jingine la kijivu. Yeye, kwa hisani yake, aliyafanya yote kahawia pichani.

"Kwani wewe kaka, unafanya kazi gani?"

Basi likasimama. Akateremka mbiombio, ingawa vilibaki vituo vitatu kufika kwa bi harusi.