Roketi ya Kuikimbia Roketi

Benchi la dada Vengamma, muuza kahawa, liko mkabala na geti la stesheni ya Sullurupeta. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni matofali mawili. Ukitaka habari za kisiwani kunakorushwa roketi, usijisumbue kwenda kisiwani, kule kuna walinzi na hawana maneno. Njoo hapa, unywe kahawa, utaambiwa mpaka yale ambayo wenyewe wa kule hawayajui. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu uko hatua nne tu kutoka benchini, na ndiyo maana nguo za watu haziishi kwa wakati. Asubuhi hiyo nilikuwa na Kalenda, mwalimu mstaafu asiyetoka nyumbani bila kitabu chake cha saa njema na saa mbaya, na Injini, fundi pampu anayejua kila kitu isipokuwa pampu. Mara akatokea Chenchaiah, muuza mbegu za mpunga, shati jipya limenyooka, uso umekunjamana.

— Kaa unywe kahawa, dada Vengamma akamwambia. Shati la harusi, sura ya msiba. Si leo wageni wa Gudur wanakuja kumwona binti yako Haimavati kwa uchumba?

— Saa nne. Na wakiniuliza binti anafanya kazi gani, niseme nini?

Tukatazamana. Haimavati ni injinia kisiwani, mtaa mzima unatamba naye, hata mimi nimeshawaambia wateja kwamba sare yake ya shule niliishona mimi.

— Sema injinia, nikamwambia. Kuna shida gani?

— Watauliza injinia wa nini.

— Wa roketi.

— Si wa roketi, kaka. Wa kile kidude cha juu yake.

Hapo Injini akaweka bilauri chini, na mtu yule akiweka bilauri chini ujue tutachelewa.

— Kile chenye ncha? Nakijua. Ile ni antena.

— Si antena, Chenchaiah akasema. Ni roketi nyingine, ndogo. Watu wakikaa ndani ya chumba chao kule juu, halafu roketi kubwa iharibike, ile ndogo inawaka, inakinyakua kile chumba na watu wake, inakipeleka mbali. Kisha miavuli inafunguka, wanatua baharini.

— Kwa hiyo, Kalenda akasema polepole, binti yako anatengeneza roketi ya kuikimbia roketi.

— Ndiyo hiyo. Anashinda ofisini akiwaza italipukaje. Ikilipukia chini, ikilipukia juu, ikipinda, ikilala ubavu. Ana daftari zima. Na mama wa kijana ni mtu wa sala, nimeambiwa. Siku ya heri kama leo nimwambie kwamba kazi ya mwanangu ni kuwaza watu wanaungua?

Alikuwa na hoja, kwa sababu kwetu baya halitajwi. Mtu akitoka nyumbani hasemi naenda, anasema naenda narudi. Kuna miungu wadogo wanaopita juu ya mapaa, na neno lolote wakilisikia wanalijibu: na iwe hivyo. Nikawakumbusha kwamba bibi yangu alinizaba kofi nikiwa na miaka sita kwa kusema tu kwamba ndoo itadondoka kisimani.

— Na ndoo ilidondoka, akasema Kalenda, ambaye hadithi hiyo ameisikia mara mia.

— Ilidondoka kwa sababu ya kofi.

— Nisikilizeni, Chenchaiah akasema. Mbaya zaidi ni hili. Roketi ikienda salama, hicho kidude chake wanakitupa baharini. Dakika chache tu hewani, basi, hakina kazi. Sasa mzazi nisifie nini? Kikitumika ni balaa, kisipotumika ni takataka.

— Ndiyo maana mimi siku zote nasema, Kalenda akafungua kitabu chake, kosa liko kwenye saa. Wakiirusha saa njema, haiharibiki. Haiharibiki, basi kidude cha nini? Mwezi uliopita walipojaribu, mimi nilipasua nazi kuiombea salama. Ikapanda, ikafika katikati, chumba kikachomoka. Nikajua nazi yangu ilikuwa mbovu.

— Ulilia, nikamkumbusha.

— Sote tulilia.

Ni kweli. Tulikuwa juu ya paa la shule, mji mzima, tukaona kile kitu kinachomoka na moshi, tukajishika vichwa. Kumbe walikichomoa kwa makusudi, wajue kama kinachomoka. Sisi huku tunaomboleza, wao kule wanapigiana makofi.

— Hayo yote ni kwa sababu hawakuniuliza, Injini akasema. Roketi ndogo ya nini? Ungefunga kila mtu kwenye kiti chenye springi. Ikiharibika, wanaruka mmoja mmoja.

— Kama maji ya pampu ya Rangaiah, dada Vengamma akasema. Uliitengeneza, maji yakaruka mpaka kwa jirani.

— Dada, ile ilikuwa presha nzuri.

— Jirani alikuwa kalala.

— Basi kamba. Kamba ndefu kutoka kwenye ndege, ndege iko juu yao muda wote. Roketi ikileta za kuleta, unavuta.

— Ndege iko juu ya roketi, nikamwuliza, na roketi inapanda? Inapitia wapi?

Akafikiri.

— Pembeni.

Kalenda akafunga kitabu, kumbe alikuwa na lake.

— Mimi nasema hicho kidude kiwekwe kwenye harusi. Bwana harusi akianza kuwadai wakwe pikipiki mbele ya wageni, binti anabonyeza, pwaa, yuko kwao, mwavuli umefunguka.

— Ningekuwa nacho mimi, dada Vengamma akasema, hii kahawa mngepikiwa na mwingine.

Tukacheka wote isipokuwa Chenchaiah, aliyekuwa akizungusha bilauri yake bila kunywa.

— Sema anapiga hesabu ofisini, nikamshauri. Si uongo. Wanakunywa kahawa, wanaondoka wameridhika.

— Nimeliwaza hilo. Nikamwambia na yeye. Akanijibu, baba, ukiificha kazi yangu, mimi sitoki chumbani, utawapokea peke yako. Na huyo akisema hatoki, hatoki. Nikisema kweli, wataondoka wao. Nikidanganya, namkosa yeye. Nifanye nini?

Treni ya asubuhi ilikuwa imetoka kupita. Getini akajitokeza mzee mmoja mwembamba, mgeni, na mfuko wa kitambaa mkononi, akaja kuketi mwisho wa benchi na kuagiza kahawa isiyo na sukari nyingi. Injini akamwona, macho yakamng'aa.

— Mzee shikamoo. Tusaidie jambo dogo. Jifanye wewe ni baba wa kijana, umekuja kumwona binti wa huyu ndugu yetu. Anataka kufanya mazoezi.

Yule mzee akamtazama Injini, akamtazama Chenchaiah.

— Haya, akasema. Nitajifanya.

Chenchaiah akasafisha koo, akakaa wima.

— Karibuni sana nyumbani. Binti yangu anafanya kazi kisiwani. Anapiga hesabu ofisini.

— Hesabu za nini? mzee akauliza.

Chenchaiah akanigeukia. Mimi nikamgeukia Kalenda.

— Za kawaida, Injini akasema.

— Za kujumlisha, Kalenda akaongeza.

— Anajumlisha nini?

Watu wanne, na mmoja wetu amefundisha shule miaka thelathini, tukashindwa hata kubuni. Chenchaiah akaweka bilauri chini, na sauti yake ikabadilika.

— Anajumlisha sekunde, mzee. Watu watatu watakaa juu ya moto, na moto ukikataa kutii, anahesabu ni sekunde ngapi za kuwatoa. Zikiwa mbili ni nyingi, anasema, anataka zipungue. Kila siku anawaza mabaya ili yakija yamkute macho. Ile siku ya majaribio nilikuwa juu ya paa nalia, akanipigia simu, baba, imekubali. Na yeye analia. Nilikuwa nataka kukuficha hayo, lakini mimi namwonea fahari binti yangu. Namwonea fahari mpaka naogopa. Hiyo ndiyo kazi yake. Anayeiona nuksi, njia ile pale.

Mzee akamaliza kahawa yake taratibu.

— Nyumba ya Chenchaiah, muuza mbegu, ni ipi?

Tunajua nyumba ya kila mbuzi wa mji huu, lakini swali lile lilitushinda. Injini akaanza kuchunguza matofali ya mguu wa nne. Mwishowe Chenchaiah akasema kwa sauti ndogo:

— Ndiyo mimi.

— Nilidhani hivyo. Wenzangu wa Gudur wanakuja na gari saa nne. Mimi nimezoea treni, nilikuwa gadi. Miaka thelathini na moja nimekaa behewa la mwisho na bendera yangu, nikingoja breki zikatae. Hazikukataa hata siku moja. Watoto wangu wamekula na kusoma kwa kazi hiyo.

— Na mama wa kijana? Chenchaiah akauliza. Wanasema ni mtu wa sala.

— Unadhani alijifunzia wapi kusali? Ameishi na mtu anayengoja ajali kila siku. Huyo na binti yako watakuwa na mazungumzo marefu kuliko yetu.

Akauchukua mfuko wake, akasimama.

— Twende. Hizo sekunde mbili sijazielewa, na wewe pia naona huzielewi. Nipeleke kwa mwenye nazo.

Wakaondoka pamoja, Chenchaiah akifuta machozi kwa mkono wa shati lake jipya, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtania.