Kikombe cha Kwanza cha Marita

Wachungaji, viongozi wa kijiji, na ninyi nyote mliokuja kuketi nasi msibani, ndaga, asanteni, mimi ni Yakobo, mdogo wa mume wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa wanajua mimi hata salamu naigeuza kwanza nione upande wa pili.

Marehemu Marita Yotamu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 Ikombe, ziwani, kwa baba mvuvi na mama mfinyanzi, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1976, kisha akashika udongo kama mama yake, akiuza vyungu gulioni Matema. Tarehe 18 Julai 1981 alifunga ndoa na kaka yangu Angetile, akaja hapa Ipinda kwenye mpunga na kokoa, wakajaliwa watoto wawili, Lusungu na Asifiwe, na kaka alitutoka mwaka 2009.

Mwaka 1983 aliweka mtungi wa maji ya kunywa kando ya barabara kwa ajili ya wapita njia, nasi tukashuku, maana mgeni anayewapa maji watu asiowajua ana lake jambo. Mwaka 1996 mtoto wa jirani aliugua tumbo, jina la Marita likatajwa kwamba amemroga, hospitali ikaona ni minyoo, lakini watu wakasema lisemwalo lipo, na ukoo ukanituma nimchunguze. Marita alijua, hakununa, ila tangu hapo kila asubuhi alisimama barabarani, akachota kikombe cha kwanza akanywa mwenyewe watu wakimwona, ndipo akamsalimia kila apitaye, hata wale waliovuka upande wa pili kumkwepa. Nilimuuliza kwa nini asiuvunje tu huo mtungi, akanijibu kwamba anayekuogopa naye ana kiu. Nilichunguza miaka yote, sikuona kitu, na kutoona kitu nako kukanitia shaka.

Mwezi Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali ya wilaya, akahamishiwa Mbeya, akafariki tarehe 21 Januari 2025, Asifiwe akiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na ndizi, na wafinyanzi wenzake wa Ikombe, ndaga fijo.

Sasa niseme ninaloliona, maana macho yangu hayana likizo. Tangu jana Asifiwe ameujaza mtungi wa mama yake, hakuna aliyeugusa, mnanunua maji ya chupa dukani, na nimesikia mnavyonong'ona kwamba binti amerithi mikoba. Mwaka huu mtanong'ona, mwakani mtamfukuza, na hana kwingine pa kwenda.

Asifiwe, mwanangu, niletee kikombe.

Mnaniona nakunywa, nyote. Kesho asubuhi nitakuwa pale barabarani na kikombe hiki, niangalie nani anavuka upande wa pili, na huyo ndiye nitakayeanza kumsalimia.

Shemeji Marita, pumzika kwa amani, mtungi una mtu.